Sumu ya bangi ya maabara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Uganda

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye ndugu yake amekula pipi ya kupewa, amevuta msokoto wa mwenzake au amepuliza vepu (sigara ya kielektroniki), na sasa haeleweki. Kama uko katika hali hiyo saa hii, soma jibu la kwanza, mpeleke mgonjwa, mengine utayasoma kesho. Nimewafikiria pia wazazi, metroni wa mabweni, na vijana wa boda ambao usiku hubebeshwa wagonjwa bila kuambiwa wanaumwa nini.

Mtu amezimia au anatukutika mwili mzima. Nianze na nini?

Tazama kama anapumua. Kama anapumua lakini haitiki, mlaze ubavu: mkono wa chini uwe mbele yake, goti la juu likunjwe liguse ardhi ili asijigeuze kifudifudi, kidevu kiinuliwe kidogo na mdomo uelekee chini. Wengi hutapika, na anayetapika akiwa chali huvuta matapishi hadi mapafuni. Wengine hufa kwa hilo kabla sumu yenyewe haijawaua. Legeza mshipi, ukosi au kitambaa cha kichwani.

Degedege likimshika, usimkandamize wala usimtie kijiko kati ya meno. Ondoa mawe, viti na vyombo vya moto karibu yake, weka nguo iliyokunjwa chini ya kichwa, na angalia saa. Likipita dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, hapo maisha yako hatarini.

Asipopumua, sukuma katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari. Mtoto mdogo apewe na pumzi za mdomo pia. Piga 999 au 112, lakini tusidanganyane: penye gari la jirani, ondokeni na gari la jirani. Speshelo, yaani teksi ya kukodi, ni bora kuliko boda, kwa sababu aliyezimia akikalishwa wima kichwa humwangukia kifuani na njia ya hewa huziba. Kama boda ndiyo pekee, mtu wa tatu akae nyuma, amwegemeze kifuani kwake na amshike kidevu juu njia nzima.

Bangi ya maabara ni kitu gani hasa?

Ni kemikali zilizotengenezwa na watu ili ziguse sehemu zilezile za ubongo zinazoguswa na bangi. Hazitoki shambani. Nyingi zilibuniwa na watafiti waliotaka kuelewa mwili unavyofanya kazi. Mkemia John W. Huffman wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, na wenzake walitengeneza mamia, na moja iliyopata umaarufu mbaya, JWH-018, imebeba herufi za jina lake. Wafanyabiashara wakasoma makala za kisayansi, wakaagiza unga, wakaanza kuuza. Mwishoni mwa 2008 kemikali hiyo ilikutwa Ujerumani ndani ya pakiti zilizokuwa zikiuzwa Ulaya kama ubani wa mitishamba kwa jina la Spice.

Tangu hapo zimeorodheshwa aina zaidi ya 200. Serikali ikipiga marufuku moja, kiwanda hubadilisha kipande kidogo cha kemikali na kutoa nyingine. China, ambako unga mwingi ulikuwa ukitoka, ilizikataza kwa jumla Julai 2021. Watengenezaji wakageukia miundo mipya iliyoponyoka maneno ya sheria.

Usidhani ni balaa la Wazungu tu. Mayotte na Komoro wanaijua kwa jina la chimique, wanaichanganya na tumbaku. Mauritius imehangaika nayo kwa miaka. Sierra Leone, Rais Julius Maada Bio alitangaza hali ya dharura ya taifa Aprili 2024 kwa ajili ya dawa ya kulevya iitwayo kush, na sampuli za kush zilipopimwa zilikutwa na bangi ya maabara na, nyingine, na dawa za jamii ya afyuni zenye nguvu ya kutisha.

Lakini bangi haijawahi kuua mtu. Kwa nini mnatutisha?

Hayo husemwa juu ya bangi ya shambani, ile njaga ya siku zote, na hata hiyo ina madhara yake. Hii ni kitu kingine. Kemikali kuu ya bangi, THC, huviamsha vipokezi vya ubongo kwa kiasi tu, hata mtu akizidisha. Nyingi za maabara huviamsha hadi mwisho, na baadhi zina nguvu mara kadhaa au makumi ya mara kuliko THC. Ndiyo maana mtu mwenye miaka mingi ya kuvuta njaga anaweza kupiga pafu mbili za hii akaanguka palepale mlangoni.

Shida ya pili ni namna inavyotengenezwa. Unga huyeyushwa ndani ya asetoni au pombe kali, ukanyunyiziwa juu ya majani makavu yoyote yale, mara nyingi ndani ya ndoo au juu ya turubai, kisha yakaanikwa. Dawa haishiki sawasawa. Ni kama chumvi iliyomwagwa kwenye pilau bila kukorogwa. Pakiti ileile, msokoto wa kwanza hauna kitu, wa pili unamlaza mtu. Kwa hiyo "mimi nilivuta ileile na sikudhurika" si ushahidi wa chochote.

Mtu asiyevuta kabisa anaipataje?

Kwa njia nyingi kuliko watu wanavyofikiri, na hili ndilo jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote hapa. Wengi wanaofikishwa hospitali hawakuchagua sumu hii.

Kuna anayedhani anavuta bangi ya kawaida, kumbe majani yamenyunyiziwa. Kuna anayepewa sigara kwenye sherehe. Kuna vepu: Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, kilipima vepu zilizokamatwa mashuleni na kutangaza mwaka 2024 kwamba takriban 1 kati ya kila 6 ilikuwa na bangi ya maabara, wakati wanafunzi wengi walidhani wananunua THC ya kawaida au nikotini. Kimiminika hakina rangi wala harufu ya kukuonya. Shisha nayo, kwenye vyumba vya nyuma Kabalagala na kwingineko, huwekwa kilichowekwa na mwenye mtungi. Anayevuta haoni kilichomo.

Halafu kuna vitu vya kula. Tokyo, Novemba 2023, mtu mmoja aligawa pipi za jeli bure kwenye tamasha la bustanini, watu kadhaa wakakimbizwa hospitali. Ndani mlikuwa na HHCH, kemikali ya jamii hii, na Japani ikaipiga marufuku mwezi uliofuata. Soshanguve, Afrika Kusini, Februari 2023, watoto wapatao 90 wa shule ya msingi waliugua kwa keki zilizotiwa bangi zilizouzwa nje ya shule. Kisa hicho kilihusishwa na bangi, si lazima ya maabara, lakini njia ni ileile: mchuuzi, keki, watoto wenye njaa ya mapumziko.

Na kuna watoto wadogo kabisa, wale wa kutambaa, wanaookota chini ya kitanda. Kwao pipi ni pipi.

Dalili zake ni zipi, na huchukua muda gani?

Ikivutwa, dakika chache. Ikiliwa, nusu saa hadi saa mbili, wakati mwingine zaidi, na hapo ndipo mtego ulipo: mtu anakula kipande, haoni kitu, anaongeza cha pili na cha tatu, kisha vyote vinampanda kwa pamoja.

Mtu mzima huanza kwa moyo kwenda mbio, kutapika, macho mekundu, jasho na woga usio na sababu. Anaweza kupiga kelele, kuvua nguo, kukimbilia barabarani, kuona watu wasiokuwepo. Mwingine huwa kinyume: anaganda amesimama, macho wazi, haongei. Brooklyn, New York, Julai 2016, watu 33 walipatwa na hali hii kwa mkupuo mmoja na magazeti yakawaita mazimwi. Baadhi yao walipopimwa walikutwa na mabaki ya AMB-FUBINACA, mojawapo ya kemikali hizi za maabara. Hatari zaidi ni degedege, maumivu ya kifua, shinikizo la damu kupanda, kiharusi, figo kushindwa kazi, na kuzimia.

Mtoto mdogo hafanyi fujo sana. Anayumba kama mlevi, analegea kama kitambaa, analala usingizi usioamshika, anapumua polepole. Wazazi husema "amechoka na kucheza". Mtoto aliyekuwa mzima saa kumi jioni, na saa kumi na mbili huwezi kumwamsha hata ukimfinya sikio, hajachoka.

Wengi hupata nafuu ndani ya saa 24. Kwa aliyekula, na kwa mtoto, inaweza kwenda zaidi.

Sisi tulidhani ni malaria. Tungetofautishaje?

Ni swali la haki, maana hapa kwetu mtoto akishikwa na degedege neno la kwanza ni malaria, na mara nyingi huwa kweli. Malaria ya ubongo kwa kawaida hutanguliwa na homa ya siku moja au zaidi. Sumu huja ghafla kwa mtu aliyekuwa mzima. Lakini usishikilie hilo kama sheria. Aliyekula sumu na kuhangaika sana naye hupata joto, na mtoto wa Tororo au Arua anaweza kuwa na vijidudu vya malaria damuni bila kuumwa navyo. Kipimo kikionyesha malaria, sumu bado inaweza kuwepo. Mwambie musawo (mhudumu wa afya) yote mawili: kwamba ana homa, na kwamba alikula kitu. Atibiwe malaria, lakini atazamwe pia kwa sumu.

Dawa ya kunyunyizia mimea, ambayo huwekwa majumbani katika chupa za soda (tabia mbaya mno), hutoa picha nyingine: mate yanatiririka, jasho, kuharisha, kifua kinakoroma, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano. Hiyo ina dawa yake, atropini, na haingoji. Mboni ndogo namna hiyo pamoja na kupumua polepole mno, bila mate mengi, huelekeza kwenye dawa za jamii ya afyuni. Waragi (pombe kali ya hapa kwetu) iliyoingiwa na methanoli, pombe yenye sumu, iliyoua watu wengi Kabale mwaka 2010, huharibu macho: mgonjwa analalamika haoni vizuri na anapumua kwa kasi. Sukari kushuka nayo humfanya mtu achanganyikiwe na kutukutika, na huonekana kwa tone moja la damu.

Si kazi yako kuchagua kati ya hizi. Kazi yako ni kusema ulichoona.

Nimpe maziwa? Mafuta? Mayai mabichi? Mkaa wa kusaga?

Hapana, vyote vinne. Maziwa hayaondoi sumu hii. Kemikali zenyewe huyeyuka vizuri kwenye mafuta, hivyo maziwa na mafuta ya kupikia yanaweza hata kuzisaidia kuingia mwilini. Kumtapisha kwa kidole au kwa maji ya sabuni ni hatari zaidi, kwani anaweza kuzimia katikati ya kutapika. Mkaa wa hospitali ni dawa iliyotayarishwa, si ule wa sigiri, na huko pia huupewa mtu aliye macho tu. Kahawa kali humwongezea moyo mbio. Kumwagia maji ya baridi hakumwamshi, kunamchukulia muda.

Aliye macho na mtulivu, anayeweza kumeza, anaweza kunywa maji kidogokidogo. Basi.

Mjomba anasema tumwache alale, pombe na bangi huisha zenyewe.

Mjomba tunamheshimu, lakini kwa hili msimsikilize. Kama mgonjwa anaamka ukimwita jina, anajibu maneno yenye maana, anatembea na hana maumivu ya kifua, mnaweza kumkalia nyumbani, mtu mmoja akiwa macho karibu naye usiku kucha na kumwita kila dakika 15. Akianza kutojibu, mwondokeni. Mtoto chini ya miaka 12, mjamzito, mwenye kifafa au ugonjwa wa moyo, huyo apelekwe hata kama anaonekana mzima.

Jirani wanasema amerogwa, au ni majini. Tumpeleke kwa shehe kwanza?

Anayeona watu ukutani na kuzungumza kwa sauti isiyo yake anatisha, na ninaelewa kwa nini wazee wanafikiri hivyo. Atakayemsomea dua amsomee ndani ya gari. Dua haikatazwi na daktari yeyote ninayemjua. Kinachoua ni saa tatu za uvumba na minyororo kwenye chumba kisicho na hewa, wakati joto la mwili linapanda na misuli inasagika hadi figo zinaziba. Kumfunga kamba mtu anayepigana na sumu ni kumwongezea hatari hiyohiyo. Punguzeni watu, zimeni redio, mmoja anayemwamini aongee naye taratibu.

Ninaogopa tukifika hospitali wataita polisi.

Hofu hii inachelewesha watu kuliko foleni ya Jinja Road. Kijana anawaacha wenzake wamlete hadi getini, wanamshusha, wanatoweka, na daktari anabaki na mtu asiyeongea na hajui alichotumia.

Swali "alitumia nini?" linaulizwa ili kuchagua dawa. Mtu aliyekula pipi bila kujua ni mgonjwa wa sumu, na mtoto ni mgonjwa wa sumu bila mjadala. Hata kama wewe ndiwe uliyeleta kitu hicho nyumbani, sema. Ukisema "hajala kitu" wataanza kutafuta homa ya uti wa mgongo, watamchoma sindano mgongoni, watapoteza saa nzima kwa sababu ya aibu yako.

Kifurushi kibebeni. Pakiti, kipande kilichobaki, vepu, kichungi cha sigara, hata matapishi, tieni kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) safi, mfunge, mwandike saa. Mkabidhi musawo mbele ya mtu mwingine na mwombe aandike kwenye faili kwamba amekipokea. Huo ndio ushahidi kwamba mlikuja kutafuta msaada.

Niseme nini pale mapokezi? Huwa natetemeka, nasahau.

Sema hivi, kwa mpangilio huu: "Huyu ni Fulani, ana miaka minane, kilo ishirini na mbili. Saa kumi alasiri alikula vipande viwili vya pipi hii hapa. Saa kumi na moja na nusu alianza kuyumba, akatapika mara mbili. Saa kumi na mbili alipata degedege, kama dakika tatu. Hana kifafa. Hajapewa dawa yoyote nyumbani." Kama mlimpa kitu, mtaje, hata kama ni maziwa au Panadoli. Iandike kwenye simu njiani, kisha usome. Kilo za mtoto ni muhimu maana dawa hupimwa kwa uzito.

Watamfanyia nini? Kuna dawa ya kuiondoa hii sumu?

Dawa ya kuifuta moja kwa moja hakuna. Mtu akikuuzia "antidoti" mtaani anakuibia. Kinachofanyika ni kuulinda mwili mpaka sumu iishe: oksijeni, dripu, kupima sukari, joto na shinikizo, kuutazama moyo kwa mashine ikiwepo, na diazepamu au dawa ya jamii yake kwa degedege na vurugu. Haya mengi yanawezekana kwenye Health Centre IV, na ya mwanzo hata HC III. Usipite kituo cha karibu kukimbilia hospitali kuu ya Mulago, Kampala, ukiwa na mtu anayetukutika. Watamtuliza kwanza, kisha wampe rufaa.

Naloksoni, dawa ya kuzindua walioshikwa na afyuni, haifanyi kazi kwa bangi ya maabara. Daktari akiitumia hajakosea. Kush ya Sierra Leone imetufundisha kwamba vitu hivi huchanganywa, na kwa anayepumua polepole naloksoni ina faida kuliko hasara.

Kipimo cha mkojo kimesema hana bangi. Kwa hiyo si hiyo?

Kile kijiti cha duka la dawa hutafuta mabaki ya THC. Kemikali za maabara zina umbo tofauti na hazionekani humo kabisa, na ndiyo sababu moja wanaopimwa kazini huzikimbilia. Jibu la "hana" halimaanishi kitu hapa. Na likija "anayo" huenda ni njaga ya wiki iliyopita.

Kupata jina la kemikali kunahitaji mashine kubwa. Hapa Uganda sampuli za aina hiyo hupelekwa Maabara ya Serikali ya Uchunguzi iliyoko Wandegeya, kwa kawaida kupitia polisi au hospitali, si kwa mkono wako. Matibabu hayangoji jibu hilo.

Ni kweli wanaichanganya na sumu ya panya?

Imewahi kutokea, na si hadithi. Kuanzia Machi 2018, jimboni Illinois, Marekani, watu zaidi ya 150 walianza kutoka damu puani, kwenye fizi, kwenye mkojo, baada ya kuvuta bangi ya maabara iliyokuwa na brodifakumu, dawa kali ya panya inayozuia damu kuganda. Baadhi walikufa. Wengine walilazimika kumeza vitamini K kwa wiki na miezi, kwa sababu sumu hiyo hukaa mwilini muda mrefu mno. Kwa hiyo aliyevuta kitu cha namna hii na siku chache baadaye anatoka damu akipiga mswaki, arudi hospitali siku hiyohiyo na ataje alichovuta.

Mimi ni metroni wa shule ya bweni. Nifanye nini?

Siku ya wazazi kutembelea, vyakula huingia kwa magunia. Huwezi kuonja kila keki. Tazama kilicho wazi: pipi za jeli zisizo na pakiti, au pakiti ya kung'aa yenye picha ya jani la bangi, herufi kama THC, HHC au Delta-8, miligramu zikitajwa kwenye pipi, au maneno kwamba si kwa matumizi ya binadamu. Pipi halali ya dukani haina haja ya kuandika miligramu. Alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, inasaidia, ingawa alama nayo huigizwa.

Mwanafunzi mmoja akianguka, usiishie kwake. Uliza bweni zima nani mwingine alikula, na uahidi hadharani kwamba hakuna atakayefukuzwa kwa kusema leo. Ahadi hiyo mkuu wa shule aitimize. Akiivunja mara moja tu, mara nyingine hawatasema, na utakuta mmoja amekufa kitandani asubuhi. Adhabu za viboko kwa waliougua ni ujinga, na nasema hivyo nikijua barua nitakazopata. Mtoto anayehitaji kuzungumza na mtu nje ya shule anaweza kupiga Sauti 116, bila malipo.

Je, nikiigusa tu, au nikivuta moshi wa mwingine?

Kugusa pakiti kwa mkono mkavu hakukulewishi. Nawa kwa sabuni usishike macho wala mdomo. Moshi ndani ya chumba kilichofungwa ni habari nyingine: askari magereza wa Uingereza wamelalamika mara nyingi kuumwa kichwa na kuona kizunguzungu baada ya kuingia vyumba walimovutia wafungwa. Fungua madirisha, mtoe mtoto.

Ninanyonyesha na nimevuta bila kujua.

Simamisha kunyonyesha kwa sasa, kamua na umwage, na nenda kituo cha afya na mtoto. Mwambie mkunga alichokula mtoto leo na lini alinyonya mara ya mwisho.

Sheria inasemaje? Nilisikia mahakama iliifuta.

Mahakama ya Katiba iliifuta sheria ya dawa za kulevya ya 2015 mwezi Mei 2023, kwa kuwa Bunge liliipitisha bila akidi. Wapo waliosherehekea wakidhani njaga imehalalishwa. Haikuhalalishwa, na Agosti mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria nyingine. Shisha na sigara za kielektroniki zenyewe zimekatazwa kuuzwa na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015, kwa hiyo anayekuuzia vepu Kampala hana mamlaka yoyote iliyokagua kilichomo.

Kaka yangu amekuwa akiivuta kila siku. Ameacha ghafla, sasa anatapika na kutetemeka.

Hiyo ni arosto. Kwa aliyeizoea sana huweza kuja na jasho, kukosa usingizi, moyo mbio, hata degedege. Asiachwe peke yake chumbani eti ajikaze. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na hospitali ya akili ya Butabika, Kampala, wana wadi ya wenye matatizo ya pombe na dawa za kulevya. Nenda naye, usimtume.

Ameruhusiwa kurudi nyumbani. Nimtazame nini?

Siku tatu za kwanza ndizo za kukaa naye. Ahesabiwe anakojoa mara ngapi. Mkojo kidogo, au wa rangi ya chai ya rangi, au maumivu ya kiuno na kutapika upya, ni figo. Maumivu ya kifua, upande mmoja wa mwili kulegea, au maneno kupinda, msingoje asubuhi. Kama bado anasikia sauti au anashuku kwamba mnamtilia sumu baada ya wiki, arudishwe kwa daktari wa akili. Wengine hupona polepole, na wachache walikuwa na ugonjwa uliokuwa ukingoja kuamshwa. Damu kwenye fizi, michubuko isiyo na sababu, au choo cheusi, hata baada ya wiki mbili, rudini na faili lilelile lenye maelezo ya kifurushi.